Pampu Iliyoguswa Mara Mbili

Inspekta Nthoki alikaa amepiga goti kwenye matope karibu robo saa kabla hajaomba spana. Konstebo Luseno akampa. Mbele yao palikuwa na sanduku la chuma la kijivu, kimo chake kinamfika mtu mzima kiunoni, limewekwa ndani ya kizimba cha wavu pamoja na jenereta kubwa ya kukodi. Ubavuni mwa sanduku ulitoka waya mnene wa shaba uliozama ardhini. Kichwa cha waya huo kilikuwa kimebanwa kwa bolti moja.

Ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na mjengo mzima wa mtaani Baba Dogo ulikuwa kimya. Jengo la kwanza lilikuwa limefika ghorofa ya tatu. La pili lilikuwa bado shimo la msingi lililotandikwa vyuma. Ndani ya shimo hilo, Ijumaa iliyopita, mchomeleaji aliyeitwa Ndambuki alikufa akiwa ameshika pampu ya maji.

"Bolti ni mpya," Luseno akasema.

"Bolti siyo shida yangu."

Nthoki aliifungua, akakigeuza kichwa cha waya. Upande uliokuwa umelala juu ya sanduku, mahali ambapo chuma kilipaswa kugusana na chuma, palikuwa na donge la zege lililobanwa likapasuka vipande kama biskuti iliyokanyagwa.

"Bwana Muriuki," akaita bila kuinua kichwa, "zege lilimwagwa hapa mara ya mwisho lini?"

Muriuki, nyapara wa mjengo, alikuwa amesimama nje ya kizimba. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kofia yake nyeupe safi, buti zimepigwa rangi. "Ijumaa. Slabu ya ghorofa ya tatu. Kabla ya hapo, wiki mbili zilikuwa za vyuma tu."

"Na pampu ya zege ilisimama wapi?"

"Hapo nyuma yako."

"Kwa hiyo zege liliruka Ijumaa, likaukuta waya huu umefunguliwa, umelala chini."

"Si ndivyo nilivyoandika kwa maelezo yangu? Fundi wa stima ni Willis. Alifungua mwenyewe. Alipoona mtu amekufa, akarudi kufunga ili ajifiche. Vijana walimkuta hapa ndani na nyundo mkononi, kufuli ameshavunja."

"Walimkuta saa ngapi?"

"Saa sita kasoro."

"Wakampeleka wapi?"

"Walimpiga kidogo, halafu polisi wakamchukua. Saa sita na nusu alikuwa ameshaenda."

Nthoki alichukua kipande kimoja cha lile zege, akakivunja kwa kucha, akakitia kwenye bahasha ya karatasi. "Zege bichi ukilibana kwa bolti linasambaa kama ugali. Hili lilikuwa limeshakauka wakati linabanwa. Lilikaa saa nyingi, pengine usiku kucha. Wakati huo Willis alikuwa kwetu kituoni. Nani mwingine aliingia kizimbani humu baada yake?"

Muriuki alisafisha koo. "Mimi sijui mambo ya stima, madam. Mimi ni mtu wa mawe na saruji."

"Lakini walikuambia pampu ni mbovu."

"Jumatano. Wakasema inapiga. Nikashuka shimoni mimi mwenyewe, nikaishika kwa mikono miwili mbele ya watu sitini. Nikawauliza, nimekufa? Uliza yeyote."

"Nimeuliza. Wote wamesema hivyo."

"Basi."

Nthoki aliandika kwenye daftari lake. Jumatano pampu iliguswa na haikuua. Ijumaa iliguswa, ikaua. Kati ya siku hizo mbili hakuna aliyeifungua wala kuibadilisha.

*

Willis Ochola aliletwa kutoka seli saa nne kasoro. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, meno mawili ya mbele hayapo, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha shingo. Nthoki alimsogezea chai. Hakuigusa.

"Mkono alikuvunja nani?"

"Watu ninaokula nao kila siku."

"Alhamisi Ndambuki alikupiga kofi mbele yao."

"Ndiyo. Alisema nimewaachia pampu mbovu." Willis aliangalia meza. "Hakukosea. Niliwaachia."

"Niambie ilivyokuwa. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya fundi. "Ile jenereta nguvu yake haifanani na ya mashine zetu. Kwa hiyo stima inapita kwanza kwenye transfoma ya kuibadilisha, inatoka na nyaya tatu. Tatu tu. Hakuna hata mmoja uliofungwa ardhini. Sasa waya mmoja ukichubuka ukagusa mwili wa pampu, stima inataka kurudi ilikotoka na haina njia. Haizimi chochote. Ukiishika pampu inakutekenya tu, kama chungu wanatembea mkononi."

"Kama Muriuki Jumatano."

"Kama Muriuki Jumatano. Hata mimi nilitekenywa. Ndiyo maana kuna lile sanduku la kijivu. Sisi tunaliita transfoma ya ardhi. Kazi yake ni kuipa stima njia ya kurudi kupitia ardhini. Ikipata njia inakimbia kwa nguvu, swichi kuu inaihisi, inakata. Mjengo wote unazima. Hapo unatafuta palipo na ubovu, unatengeneza, unawasha tena."

"Na ilikuwa inazima."

"Jumatatu na Jumanne, mara tisa. Sababu ni pampu hiyohiyo. Niliomba nusu siku niitengeneze. Muriuki akasema nusu siku hana, nifungue ule waya wa ardhi ili stima iache kuzimazima. Nikakataa. Jumatano asubuhi nikaukuta umefunguliwa. Nikafunga. Saa nne ukawa umefunguliwa tena. Nikafunga. Akaniambia nikiugusa mara ya tatu nisirudi."

"Ukafanya nini?"

"Nina watoto wanne, madam. Sikuugusa mara ya tatu."

"Sasa Ijumaa. Pampu ni ileile."

"Pampu ni ileile, lakini haikuwa peke yake tena. Nimefikiri hapa siku tatu. Lazima kulikuwa na ubovu wa pili. Waya mwingine, mashine nyingine, moja ya zile zinazokaa juu ya vyuma. Hapo ardhi yote na vyuma vyote vya lile shimo vinakuwa upande mmoja wa stima, na pampu iko upande wa pili. Alhamisi jioni pampu iliziba, ikavutwa nje ya maji, ikalazwa juu ya mbao. Kwa hiyo pande mbili zilikuwa hazigusani."

"Mpaka mtu aziunganishe."

"Mtu aliyesimama juu ya vyuma akashika pampu. Hiyo si kutekenywa. Hiyo ni volti mia nne kutoka viganjani mpaka kwenye nyayo. Mikono inakaza yenyewe. Huwezi kuachia hata ukitaka. Na kwa vile ule waya wa ardhi umefunguliwa, swichi haihisi kitu. Itaendelea tu."

"Mashine ya pili ni ipi?"

"Sijui. Ijumaa sikupata nafasi ya kupima."

"Ulikuwa na nyundo ndani ya kizimba."

"Nilisikia mayowe. Nikakimbia kuzima jenereta, nikakuta kufuli. Kile kizimba hakijawahi kufungwa tangu nianze kazi pale. Nikarudi mbio kwa Muriuki. Alikuwa ukingoni mwa shimo, anaangalia. Nikamwomba ufunguo. Akasema bomba limejaa zege, jenereta ikizimwa sasa litaganda ndani, ngojeni lori liishe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, alikuwa ameushika. Nikaenda kutafuta nyundo."

"Kisha?"

"Nilipovunja na kuzima, Muriuki alinyoosha kidole. Akawaambia, huyo ndiye. Waliona fundi wa stima na nyundo, na rafiki yao yuko chini anafuka moshi. Ningekuwa wao pengine ningepiga pia." Aliinua uso. "Ilichukua muda gani, madam? Nimejaribu kuhesabu hapa, siwezi."

Mmoja wa vibarua alikuwa ghorofani na simu. Video yake ilianza saa tano na nusu, Ndambuki akiwa ameshashikwa. Kioo cha jenereta, kinachoandika kila inapowaka na kuzima, kilionyesha ilizimwa kwa mkono saa tano na dakika arobaini na moja.

"Dakika kumi na moja," Nthoki akasema.

Willis aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Luseno alitaka kumrudisha seli. Nthoki akamzuia. "Mtafutie daktari amfunge huo mkono vizuri. Halafu nitamhitaji mjengoni, na kipima stima chake."

*

Waruguru aliuza chai na mandazi ndani ya geti, kwenye kibanda cha mabati kilichotazama shimo. Siku hiyo hakuwa na wateja, lakini alikuwa amewasha jiko. Alizungumza akiendelea kukanda unga.

"Muriuki hunywa chai kwako?" Nthoki aliuliza.

"Kila siku saa moja. Lakini hakai hapa. Anachukua kikombe chake anaenda kuegemea ile mashine ya kukunja vyuma, pale kando ya shimo. Anaangalia nani amechelewa."

"Na Ijumaa?"

Mikono ya Waruguru ilisimama. "Ijumaa alikaa. Hapo ulipokaa wewe. Nikamuuliza, leo vipi, umechoka? Akasema miguu inamuuma."

"Kabla ya hapo kulikuwa na nini?"

"Alikuwa amepigiwa simu. Alisikiliza sana, hakusema mengi. Akauliza tu, ya pili ni gani? Alipokata simu akatoka geti. Alirudi na kufuli, bado liko kwa karatasi yake. Ndiyo akaja kunywa chai."

"Ulimwona Ndambuki akishuka?"

"Niliona na nikasikia." Alijifuta mikono kwa leso. "Kwanza Muriuki aliwatoa wengine wote shimoni. Akasema wapande juu wasaidie zege. Akabaki Ndambuki peke yake. Akamwambia, rudisha pampu majini. Ndambuki akasema, zima kwanza. Muriuki akasema hakuna kuzima leo. Ndambuki akasema, basi ishike wewe, kama siku ile. Huyo mtu akacheka. Akasema, mimi nilishaishika Jumatano, leo ni zamu yako, ama uchukue vyombo vyako uende."

"Ndambuki akafanya nini?"

"Alisimama kidogo. Halafu akavua kofia, akaiweka kwa ukuta, sijui kwa nini. Akainama."

Waruguru alirudi kukanda unga wake. Hakukuwa na mtu wa kuula.

*

Yadi ya jenereta za kukodi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Bedan, fundi wao, alikuwa chini ya trela. Alitoka akijifuta mafuta, na alipoona kitambulisho cha polisi akaendelea kujifuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Nani alifungua waya wa transfoma ya ardhi?" Nthoki aliuliza.

"Sisi tunakodisha tu, madam. Tukishaunganisha, ni mambo ya mwenye mjengo."

"Jumamosi saa moja asubuhi mlinzi wa getini alikuandika kwenye kitabu. Bedan, kuingia, dakika ishirini. Jenereta ilikuwa imezimwa na mtu amekufa. Ulienda kufanya nini?"

"Kuangalia oili."

"Uliacha bolti mpya na zege kavu chini yake. Hukupangusa hata. Fundi wa miaka mingapi?"

Bedan alitazama nyuma yake, ofisini, ambako hakuna aliyekuwa akiangalia. "Muriuki ndiye alisema nirudishe kabla hamjapiga picha."

"Na Jumatano ni yeye alisema ufungue."

"Ndiyo."

"Ijumaa saa kumi na mbili na nusu uliingia tena. Saa moja kasoro dakika kumi ukampigia simu. Dakika mbili."

"Nilimwambia dizeli imebaki kidogo."

"Dakika mbili za dizeli."

"Ndiyo."

"Ulipima mashine asubuhi hiyo?"

"Sikupima chochote." Alijibu haraka kuliko alivyojibu mengine yote. "Mbovu ilikuwa pampu peke yake. Hiyo kila mtu alijua."

Nthoki alimsomea maelezo yake, akamwambia atie sahihi. Bedan akatia. Walipofika barabarani Luseno akasema, "Anadanganya."

"Ndiyo, na ana sababu. Akikubali kwamba alijua, ataulizwa kwa nini hakuzima kwa mkono wake alipokuwa amesimama pale pale."

"Tuna neno la mama wa chai."

"Tuna nusu ya mazungumzo aliyoyasikia mtu anayekaanga mandazi. Wakili atauliza ya pili ni gani, lori la pili au kibarua wa pili. Nataka Muriuki aniambie mwenyewe."

*

Saa sita Willis alipima mashine moja moja kwa mkono wa kushoto, Luseno akimshikia kipimo. Waruguru na mlinzi walikuwa wameombwa watoke, na ndani ya geti walibaki Nthoki na hao wawili tu. Alipomaliza alimwonyesha Nthoki mahali ambapo waya ulikuwa umechubuliwa na ukingo wa chuma, kisha akaenda kwenye kizimba, akafungua swichi kuu, akatoa nyaya zote za mashine. Jenereta waliiwasha. Iliunguruma, lakini stima yake haikutoka nje ya kizimba hata kidogo. Luseno alifunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Saa tisa Muriuki alikuja kama alivyoitwa. Alisimama getini, akasikiliza muungurumo.

"Mmewasha?"

"Nataka nione kila kitu kama Ijumaa," Nthoki akasema. "Nionyeshe ulikosimama."

Walianza kwenye winchi. Muriuki aliegemea mguu wa chuma wa winchi hiyo, akawasha sigara, akaeleza namna lori lilivyoingia. Wakapita kwenye mashine ya kuchanganyia saruji, akaipiga kofi ubavuni, akasema hiyo ndiyo inayowachelewesha siku zote. Wakapita kwenye msumeno wa mbao, akaweka kiganja juu ya meza yake akivuka dimbwi. Kisha wakafika ukingoni mwa shimo. Pampu ilikuwa bado chini, juu ya mbao zake, waya wake umekatwa na kufungwa lebo ya polisi.

"Nilisimama hapa," Muriuki akasema.

Nthoki alirudi nyuma hatua nne, akainua simu. "Nataka picha. Sogea kulia kidogo, uegemee hiyo mashine ya kukunja vyuma. Nipate kipimo."

"Hapa panatosha."

"Hapo jua linanipiga. Egemea tu."

"Nimesema hapa panatosha."

"Waruguru anasema kila asubuhi unaegemea hapo na kikombe chako."

"Leo sitaki."

"Luseno, msogeze bwana Muriuki."

Luseno alimshika mkono kwa upole, kama anayemvusha mzee barabara. Muriuki akajirusha nyuma kwa nguvu hata kofia nyeupe ikaanguka, ikabiringika mpaka shimoni. "Niacheni! Mnataka kuniua?"

Jenereta iliendelea kuunguruma. Nthoki alishusha simu.

"Kwa kitu gani?"

Muriuki alirudi hatua nyingine nyuma.

"Umeegemea winchi. Umepiga kofi mashine ya saruji. Umeshika msumeno, na viatu vyako viko kwenye maji. Hujaogopa hata moja, na zote zinakula stima ya jenereta hiyo. Jumamosi ulitia sahihi kwamba mbovu ni pampu peke yake. Bedan ametia sahihi hivyo hivyo leo asubuhi. Mashine hii Willis ameipima saa sita, na alichokiona tunakijua watu watatu tu. Wewe umekijuaje?"

Muriuki alitazama mashine, akatazama ardhi iliyokuwa chini ya buti zake.

"Ningeishika mwenyewe hapa mbele yako," Nthoki akaendelea. "Hata Ijumaa isingekufanya kitu. Mashine hii na ardhi unayoikanyaga ni upande mmoja. Wakunja vyuma waliishika asubuhi nzima. Wa kuogopa pampu alikuwa aliye kule chini. Bedan alikueleza hayo kwa simu, lakini wewe ulikuwa umeshasikia ulichokitaka, hukungoja amalize."

Muriuki aliokota sigara iliyomdondoka, akaona imelowa, akaitupa.

"Alhamisi huyo Ndambuki aliweka vyombo chini, akagoma," akasema. "Mbele ya watu sitini. Na wote sitini wakaweka. Saa nzima, nimesimama hapa kama mpumbavu nabembeleza watu ninaowaandika kazi mimi. Mtu mmoja akishafanya hivyo, wewe utaendeshaje mjengo?"

"Kwa hiyo ukatafuta njia."

"Sikutafuta. Nilipigiwa simu."

"Na kufuli?"

Luseno akamfunga pingu. Walipompitisha kwenye kizimba, Willis alikuwa amesimama pembeni, plasta nyeupe mkononi. Muriuki alimwambia, kwa sauti ile ile ya kazini, "Wewe, ile slabu imemwagiwa maji tangu Ijumaa? Itapasuka." Willis alikuwa anafungasha kipima stima chake.

*

Kavinya, mke wa Ndambuki, alikaa Makongeni, kwenye chumba kimoja alichopangishwa na familia ya mfanyakazi wa reli. Nthoki alimkuta ameketi kitandani kati ya mifuko iliyofungwa kwa safari. Gari la maiti lingeondoka Jumatano kwenda kwao Mwala. Watoto wawili walikuwa nje, sauti zao zinasikika.

"Tumemshika nyapara," Nthoki akasema. "Atashtakiwa kwa mauaji. Fundi wa jenereta pia tumemfuata. Willis hakufanya kitu. Yeye ndiye aliyezima."

Kavinya alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. "Asante, madam." Kisha akauliza, "Alikaa muda gani?"

"Mara moja. Stima ikikushika hivyo hujui kitu."

"Nimetoka kumvisha leo asubuhi."

Nthoki aliweka daftari lake mfukoni.

"Walinikataza nisione mikono. Nikawaambia ni mume wangu, mimi ndiye nitamvisha. Nilikuwa nimepeleka glavu, zile nyeupe za harusi. Mkono wa kushoto ikaingia. Wa kulia hauna vidole vya kutia, madam. Nilijaza pamba kila kidole, nikafunga na uzi pale kwa kiganja ili isitoke kwa njia." Aliinua macho. Yalikuwa makavu. "Mtu akifa mara moja haungui hivyo. Nimekuuliza vizuri."

"Dakika kumi na moja."

Kavinya alisikiliza hilo. Nje mtoto mmoja alicheka, mwingine akamfukuza.

"Huko kuna watu wengi," akasema. "Alikuwa akiniambia, tuko sitini."

"Ndiyo."

"Walimwona?"

"Walimwona. Wengine walipiga mayowe. Willis alikimbia."

"Hao wengine. Dakika hizo zote. Walikuwa wanafanya nini?"

Video ya yule kibarua ilikuwa kwenye simu ya Nthoki, mfukoni mwa koti. Alikuwa ameitazama mara nne. Mbele palionekana shimo na mtu aliyejikunja. Nyuma, bila kusimama, ndoo na koleo zilikuwa zikipanda na kushuka.

"Walikuwa wanamwaga zege," akasema.